Mama Ruhusa na Folda ya Magauni

Saa mbili asubuhi haijafika, na tayari seremala anagombana na kompyuta.

"Imenikataa," anasema.

"Imekukataa au umesahau?" anauliza mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, macho yake yakiwa bado kwenye kikombe cha chai.

"Imenikataa."

"Haya, sogea."

Seremala anasogea. Mama anaketi, anaingia kwa jina lake mwenyewe, anafungua ukurasa wenye majina ya watu na kubofya jina la seremala. Kisha anasimama, anageuka na kuelekeza uso ukutani, mgongo kwa kompyuta, mikono nyuma kama mtu anayesubiri kupimwa koti.

"Andika paswedi mpya. Mara mbili. Na leo usiitaje kwa sauti."

Watu wanne walioketi kwenye benchi wanacheka. Wiki iliyopita seremala aliandika neno lake la siri huku akitamka herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na chumba kizima kikalijua. Lilikuwa jina la mkewe.

"Mshukuru Mungu lilikuwa la mkewe," anasema fundi wa mabango.

Mama aliyegeukia ukuta naye anacheka, lakini hageuki. Ataendelea kutazama chokaa mpaka aambiwe tayari. Hivyo ndivyo anavyofanya kwa kila mwanachama, awe mwenyekiti au aliyejiunga jana. Anaweza kumpa mtu neno la siri jipya, lakini hataki kulijua.

Huyu ndiye Mama Ruhusa. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa ushirika, kwanza kwa utani na baadaye kwa heshima, na sasa hata mumewe akimtafuta kwa simu ya ofisi husema, "Naomba kuongea na Mama Ruhusa."

Kazi yake ni moja. Anatunza akaunti na ruhusa za watu kwenye kompyuta ya ushirika. Kompyuta ni moja, na wanaoitumia ni ishirini na sita.

Ushirika wenyewe uko kwenye ukumbi mrefu wa bati. Upande wa kushoto ni vyerehani, kulia ni mbao na randa, na mwisho kabisa, palipokuwa stoo ya vitambaa, ndipo kilipo chumba cha kompyuta. Kina dirisha moja, benchi moja, na printa ambayo kila mtu huizungumzia kama mgonjwa: imeamkaje, imekula karatasi ngapi. Kompyuta ikizimwa hufunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, maana vumbi la mbao halina adabu.

Fundi wa mabango huja kuchora maandishi yake hapo. Seremala huchora makabati. Mafundi cherehani huchora vipande vya nguo, huvichapa kwenye karatasi nyingi, huzibandika pamoja kwa gundi na kukatia kitambaa juu yake. Ndiyo maana foleni huanza mapema.

Mashine hiyo inaendeshwa na Linux, mfumo usiolipiwa, na Mama Ruhusa anaupenda kama mtu anavyompenda mkwe asiye na makuu. Ila anasema uzuri wake hasa ni mwingine.

"Hapa kila mtu ana chumba chake," anaeleza. "Ukiingia kwa jina lako, unakuta vyako. Mwenzako akiingia kwa lake, anakuta vyake. Kompyuta ni moja, lakini hatupigani vikumbo."

Nje ya vyumba hivyo kuna diski kubwa ambayo wanachama wameipa jina Ghala. Kila fundi ana folda yake Ghalani, na ameiita kwa kazi yake: makabati, mabango, sare, mapazia. Folda isiyo yako unaiona, lakini ina alama ndogo ya kufuli, na ukiigonga haifunguki.

Kwa kila folda, Mama Ruhusa anafafanua, kompyuta huuliza habari za watu wa aina tatu: mwenye nyumba, jamaa zake na mpita njia. Kila mmoja anaweza kupewa ruhusa ya kusoma tu, au ya kusoma na kuandika, au asipewe kitu. Mwenye ruhusa ya kuandika anaweza pia kufuta, na hapo ndipo mama huyu huinua kidole.

"Mtu akiniambia nimpe ruhusa zote, namuuliza za nini. Akishindwa kujibu, hapati. Kwanza mimi mwenyewe nina jina la kawaida ninalotumia kuandika barua zangu. La usimamizi nalitumia nikiwa na kazi nalo tu, kisha natoka."

Msimamo huo alifundishwa na fundi wa redio aliyewawekea mfumo huo miaka saba iliyopita, baada ya ofisi moja iliyofungwa kuwapa kompyuta yake kuukuu. Wakati huo Mama Ruhusa alikuwa mtunza stoo, mwenye mkufu wa funguo kiunoni. Mafundi waliitazama kompyuta, wakatazamana, kisha wakamtazama yeye. Walisema aliyezoea kufunga na kufungua ni yeye.

"Fundi wa redio alikuja jioni tatu akanifundisha, hakuchukua hata nauli. Nikimuuliza jambo la kipuuzi hanicheki. Namwombea kila siku, hata alikohamia."

Posho yake hutoka kwenye michango ya wanachama, fungu moja katika kila mafungu kumi. Haimtajirishi mtu. Hata hivyo, mwaka ambao mumewe, msoma mita za maji, alisimamishwa kazi kwa miezi mitano kwa sababu ya upungufu wa fedha kazini kwake, ni posho hiyo iliyowalisha watoto watatu, na hakuna aliyeacha shule. Mama Ruhusa anapofika hapo kwenye maelezo yake huvua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi.

"Chumba hiki kimenilea," anasema. "Ndiyo maana siku nilipokaribia kukiharibu, niliumia sana."

Kilichotokea ni hiki, na kila mtu ukumbini anakijua.

Miongoni mwa wanachama wa kwanza ni fundi wa magauni ya harusi anayeitwa Bi Harusi. Ana wajukuu saba na fimbo ya kutembelea, lakini jina limegoma kuzeeka. Karatasi zake za kukatia, za kazi ya miaka thelathini, zilikuwa zimeanza kuliwa na panya, basi akaketi na Mama Ruhusa na kuzichora zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa karibu miaka miwili. Folda yake Ghalani aliiita magauni. Muda si mrefu bati la nyumba yake lilivuja na karatasi zilizobaki zikalowa, zikawa uji. Kuanzia hapo kazi yake yote ilikuwa kwenye folda ile tu.

Kisha Bi Harusi akavunjika nyonga. Alipelekwa kwa bintiye mji wa mbali, akafanyiwa upasuaji, akakaa kitandani, akaanza kujifunza kutembea upya. Mwaka ulipita na miezi juu yake.

Kanuni za ushirika zinasema mwanachama asiyeonekana mwaka mzima huondolewa. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwenyekiti alimwagiza Mama Ruhusa afute akaunti yake, naye akafuta.

"Nilifuta jina," anasema. "Lakini michoro ilinishinda. Roho iligoma. Nikaiacha Ghalani, nikijua hakuna atakayeweza kuifungua, maana ina kufuli. Nilidhani nimefanya wema wa siri."

Wiki chache baadaye alikuja binti mmoja fundi cherehani, mwenye mtoto mgongoni. Alipofunguliwa akaunti na kuambiwa aandike jina atakalotumia, alisita, akaona haya, akaandika mgeni. Tangu hapo ni Mgeni, na hata mtoto wake huitwa mtoto wa Mgeni.

Binti huyo anasimulia yaliyomkuta siku zake za kwanza huku akikunja kitambaa, maana mikono yake haijui kukaa bure.

"Nilifungua Ghala, nikaona folda zote zina kufuli isipokuwa mbili. Moja ni yangu niliyotengenezewa. Ya pili imeandikwa magauni, na mimi nashona magauni. Nikasema, hawa watu wana roho nzuri, wamewawekea wanaoanza mifano ya kujifunzia. Sikuuliza. Na kuuliza si ujinga, ningejiokoa na mengi."

Alijifunza humo. Alisoma mchoro baada ya mchoro, mchana, mtoto akiwa amelala kwenye kapu la vitambaa. Baadaye akashona gauni la kwanza, lenye mgongo uliofungwa kwa kamba nyembamba zinazopishana kama suke, na mteja akaleta mteja mwingine. Mwaka wa kwanza haujaisha, gauni lake moja likawekwa mlangoni kwa maonyesho.

Hapo ndipo Bi Harusi aliporudi.

Alikuja bila kutoa taarifa, kwa fimbo, amevaa vizuri, akitaka kuwafurahisha wenzake. Hakufika ndani. Alisimama mlangoni mbele ya lile gauni, akalizungusha, akautazama mgongo. Mgongo ule aliubuni yeye, kwa ajili ya harusi ya mdogo wake.

"Nilihisi kama nimekuta mtu amevaa uso wangu," anasema sasa, na anacheka, lakini siku ile hakucheka.

Mkutano uliitishwa Jumamosi ya wiki hiyo. Mgeni alisema alichokiamini: aliikuta folda, hakuiweka yeye. Mwenyekiti akataka ifunguliwe mbele ya wote. Mama Ruhusa akaketi, akabofya folda ya magauni, akafungua sehemu inayoonyesha ruhusa. Skrini ikaandika: Mmiliki, mgeni.

Si kwamba binti alichungulia tu folda ya mtu. Kompyuta ilisema folda ni mali yake.

"Mwenyekiti akaniuliza kama mashine inaweza kukosea," Mama Ruhusa anakumbuka. "Nikajibu kwamba kompyuta haisemi uongo. Niliyasema mimi, kwa mdomo huu. Hadi leo yananiwasha."

Uamuzi haukuchelewa. Mgeni alipewa hadi Jumatatu arudishe ufunguo wa cherehani cha ushirika na kuondoka. Alikuwa na magauni manne ya wasindikizaji wa bibi harusi ambayo alikwisha kuyakata. Alikuwa na mtoto, na mama mzazi, na chumba kimoja cha kupanga. Fundi akifukuzwa kwa wizi, habari humtangulia kila anakokwenda kubisha hodi.

"Pale sikulia," anasema. "Nililia nilipofika kwa mama. Mama akaniuliza, umechukua? Nikamwambia sijachukua. Akasema basi lala. Nikalala."

Mama Ruhusa yeye hakuwa na amani. Kabla ya kufunga chumba Jumamosi ile, alikuwa ameitazama folda tena peke yake, na kuna kitu kilimkera. Tarehe za michoro zilikuwa za zamani, nyingi za miaka mitatu nyuma, kabla Mgeni hajauona mlango wa ukumbi ule. Mwizi huiba leo kitu cha jana, sawa. Lakini anakuwaje mwenye kitu tangu jana?

Jioni hiyo, nyumbani, chakula kilimshinda.

"Mama watoto, chakula kinapoa," mumewe alimwambia.

"Kuna jambo halikai sawa." Akamweleza lote.

Mume alitafuna, akameza, akanywa maji. Si mtu wa haraka. "Yule aliyeumwa alipoondolewa, na huyu binti alipoingia, kati yao aliingia mwingine?"

"Hapana. Aliyefuata ni huyu."

"Basi hiyo ni mita."

"Mita gani tena, baba watoto? Nakwambia habari ya kompyuta."

"Nami nakujibu. Mpangaji anahama, mwingine anahamia, mita ni ile ile. Mimi nikifika simjui aliyefungua bomba. Nasoma namba. Mpangaji mpya analetewa ankara ya maji aliyooga mwenzake, ananijia juu kana kwamba nimeyaoga mimi. Mita haijui mtu. Inajua namba."

Mama Ruhusa anasema alimtazama mwanaume huyo, aliyeishi naye miaka ishirini na mbili akimsikia kila jioni akilalamika juu ya mita, na kwa mara ya kwanza akafurahi kwamba hakuwahi kuacha kulalamika.

Jumapili asubuhi alimpigia simu fundi wa redio.

"Alicheka kwanza, kisha akaomba radhi. Akasema, mama, hilo nilisahau kukufundisha. Jina ni kwa ajili yetu sisi wanadamu. Kompyuta yenyewe humpa kila mtu namba, na kila faili hubeba namba ya mwenyewe, si jina lake. Ukimfuta mtu, namba yake inabaki wazi. Ukimwandikisha mwingine, kompyuta inachukua namba ya kwanza iliyo wazi na kumvika."

Mama Ruhusa alikwenda ukumbini, akamwomba mlinzi amfungulie, akauliza kompyuta namba ya Mgeni. Elfu moja na nne. Akatafuta orodha ya zamani ya akaunti, aliyoichapa kwenye karatasi Bi Harusi alipokuwa bado mwanachama, akaangalia namba iliyokuwa mbele ya jina lake, ambayo hakuwahi kuijali. Elfu moja na nne.

"Nilichodhani ni wema wa siri ndicho kilichomtia mtoto wa watu kwenye shimo."

Angeweza kurekebisha kimyakimya na kumnong'oneza mwenyekiti. Badala yake, Jumatatu aliomba watu wote waje chumbani, na waliokosa nafasi wakasimama mlangoni. Mgeni alikuwa tayari ameshika ufunguo wa cherehani mkononi.

Mama Ruhusa hakuhutubia. Aliandikisha mwanachama wa uongo, akamwita kiti. Akaingia kwa jina la kiti, akaandika faili moja, akaiweka Ghalani. Watu wakaona: Mmiliki, kiti. Akatoka, akamfuta kiti. Wakaangalia tena, na mahali pa jina palibaki namba tupu. Kisha akaandikisha mwanachama mwingine wa uongo, akamwita meza. Hakugusa kitu kingine chochote. Akafungua faili ile ile mbele ya macho yao.

Mmiliki, meza.

Wa kwanza kusema ni seremala. "Kwa hiyo meza imemwibia kiti," alisema.

Walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa kuwa kila mtu aligeuka kumtazama Mgeni.

"Mwizi hayupo," Mama Ruhusa aliwaambia. "Kuna mimi, niliyefuta jina la mtu na kumpa mwingine namba yake bila kujua. Na kuna mimi tena, niliyewaambia kompyuta haisemi uongo. Haikusema uongo. Sikujua ninachoisoma. Mgeni, mwanangu, nisamehe."

Bi Harusi ndiye aliyejongea, fimbo ikigonga saruji, mpaka akafika mbele ya Mgeni.

"Nikuulize jambo moja," alisema. "Mwezi wa pili, nasikia, Ghala lilijaa mkaambiwa kila mmoja apunguze vyake. Magauni ndiyo folda nzito kuliko zote. Ilikuwa yako, kwa mujibu wa hii mashine. Kwa nini hukuifuta?"

"Sikuiweka mimi, bibi," Mgeni alijibu. "Ningeifutaje?"

"Ulipunguza nini?"

"Nilifuta michoro yangu ya kujaribia."

Waliokuwepo wanasema Bi Harusi alishika mkono wa binti yule, kisha akawageukia wenzake.

"Mnajua karatasi zangu zilioza zote. Kama huyu angekuwa na mkono mwepesi, nisingerudi kulalamika kwamba gauni langu limeshonwa na mtu. Ningerudi kukuta miaka thelathini imekuwa hewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo ufunguo wa cherehani unaupeleka wapi? Rudi kakae."

Mwenyekiti alikohoa, akasema kutenda kosa si kosa, na mkutano ukaisha bila kufungwa. Mama Ruhusa alijitolea kuiacha kazi. Hakuna aliyeunga mkono. Fundi wa mabango alimwambia kwamba sasa ndiyo kwanza wamepata mtu anayeijua vizuri, wamtoe aje mwingine aanze kukosea upya?

Mchana ule ule alimpa Mgeni namba mpya, akamrudishia Bi Harusi akaunti yake na namba yake ya zamani, na folda ikarudi kwa mwenyewe. Kufuli ikajitokeza kwenye skrini ya Mgeni. Binti anakiri ilimuuma kidogo, kama mlango wa nyumba uliyoizoea kufungwa na wewe uko nje.

Kufuli hiyo haikumaliza wiki. Bi Harusi alikuja akaketi, akasema, "Mama Ruhusa, kuna wale uliotuambia, wenye nyumba na jamaa. Nataka kuwa na jamaa." Wakaunda kikundi cha watu wawili, Bi Harusi na Mgeni, na folda ya magauni ikafunguliwa kwa kikundi hicho, kusoma na kuandika. Siku hizi mzee anachora kwa maneno, maana kiti kigumu humuumiza nyonga, na binti anachora kwa mkono. Magauni yanatoka na majina mawili kwenye lebo.

Kutokana na mkasa huo ushirika una desturi ambayo pengine haipo kwingine. Mwanachama akiondoka, akaunti yake haifutwi. Inafungwa tu, isiweze kuingiwa, na namba yake hapewi mtu mwingine kamwe, hata akifa. "Kwetu sisi," Mama Ruhusa anasema, "asiyekuwepo, lake lipo."

Muulize anamshukuru nani, naye atakaa sawa kwenye kiti kabla ya kujibu. Fundi wa redio, kwa kupokea simu Jumapili. Mume wake, kwa mita. Wanachama, kwa kutomfukuza. Bi Harusi, kwa kurudi akiwa hai na akiwa na ulimi wake mkali. Na Mgeni, kwa jambo ambalo anasema hataweza kulilipa.

"Kila asubuhi ananisalimia. Shikamoo mama, umeamkaje. Tangu ile Jumatatu, hajawahi kuruka siku. Mtu niliyemwita mwizi mbele za watu."

Binti yake mkubwa anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa kwanza, katika mji ulio mbali na hapa, na Mama Ruhusa anataka kwenda kukaa naye miezi miwili. Katika miaka saba hajawahi kukosekana kwa zaidi ya siku tatu, kwa sababu msimamizi ni mmoja tu. Akiugua yeye, hakuna wa kumfungulia aliyesahau neno la siri, wala wa kumwandikisha aliyejiunga.

Kwa hiyo wiki iliyopita alisimama mkutanoni akaomba wanachama wakubali msimamizi wa pili. Walipouliza nani, alisema Mgeni.

Kuna mtu alishusha pumzi kwa sauti. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kanuni, aliuliza kama amefikiri vizuri, kwa maana msimamizi anaweza kuingia kwenye folda ya yeyote na kufuta kazi ya yeyote, bila kubisha hodi.

"Nimefikiri," alimjibu. "Uwezo wa namna hiyo huwezi kumpa mtu ili umjaribu. Akishindwa, mmekwisha wote. Huyu alishajaribiwa kwa makosa yangu, yeye mwenyewe hajui, na mimi sijui. Alikuwa na kazi ya maisha ya mtu mikononi, hakuna aliyemwona, akaambiwa apunguze. Akafuta ya kwake."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bi Harusi. Kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umeshika fimbo, ilibidi ajiegemeze ukutani ili auinue vizuri, na aliuacha juu mpaka wote ishirini na sita wakainua yao.

Leo, mbele ya mwandishi wa makala haya, jambo linatekelezwa. Foleni imesimamishwa. Mama Ruhusa anaingia kwa jina la usimamizi, anafungua ukurasa wa majina, anabofya mgeni. Pembeni mwa jina kuna maneno mawili ya kuchagua, mtumiaji wa kawaida au msimamizi. Anasukuma kiti nyuma na kumpisha.

"Bofya mwenyewe. Mimi basi langu ni Alhamisi, na safari hii naenda kumshika mjukuu kwa mikono miwili, sina mpango wa kushika simu."

Mgeni anaketi. Mtoto wake, ambaye sasa anatembea, ameng'ang'ania sketi yake.

"Na nikikosea, mama?"

"Utakosea. Siku hiyo waite watu, uwaambie."

Bi Harusi, kwenye benchi, anauliza kinachochelewesha, ana gauni la Jumamosi. Seremala anamwambia atulie. Mgeni hasikii mmoja wala mwingine. Ameinama karibu na skrini, kidole kiko juu ya kipanya, macho yanakwenda kwenye mistari midogo iliyoandikwa chini ya neno msimamizi, ile ambayo watu wengi huiruka.

"Ngojeni kidogo," anasema. "Nasoma kwanza."